Jinsi ya kuchagua prosesa ya kompyuta ya gemu na kazi nyingi: mwongozo kamili kwa tulioko Uganda

Kila anayetaka kujijengea kompyuta ya gemu hapa kwetu anaanza na swali moja, ninunue i5 au i7, na mi naona hilo swali lenyewe ndo linawapotezea watu pesa. i7 sio prosesa. Ni jina la daraja ambalo Intel walianza kulitumia 2008, kwa hiyo kuna i7 ya 2011 na kuna i7 ya 2023, zote mbili utazikuta Kampala, na muuzaji atakwambia zote "i7 boss, hii ni kali". Kati ya hizo mbili kuna tofauti kubwa mno, yani i3 ya 2022 inaipita i7 ya 2011 kwa mbali bila hata kutoka jasho.

Jambo la pili, prosesa hainunuliwi peke yake. Ukiichagua umeshachagua madabodi, umeshachagua aina ya RAM, umechagua kipozea, na umechagua kiasi cha umeme utakachokula kila jioni kwenye Yaka yako (mita ya umeme wa kulipia kabla). Ndo maana kwenye huu mwongozo prosesa yenyewe tutaifikia katikati, tukishajua inaenda kufanya nini na itakaa juu ya nini.

Hatua ya 1: Anza na skrini na kazi

Chukua karatasi au fungua noti kwenye simu, andika vitu vitatu: skrini yako ni ya ukubwa gani na inaenda hezi ngapi, gemu gani unacheza kweli (sio zile unazoota kucheza), na vitu gani vinakuwa wazi wakati unacheza.

Skrini ina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kama una monita ya 1080p ya hezi 60, skrini inaonyesha picha 60 kwa sekunde, basi, hata kompyuta ikitoa 200 hautaziona zote. Kwa mtu huyo prosesa ya kisasa ya kori 6 (kori ni kichwa kimoja cha kupigia hesabu ndani ya prosesa) inatosha na pesa inayobaki iende kwenye kadi ya grafiki. Lakini mwenye monita ya hezi 144 au 240 anayecheza Counter-Strike 2 au Valorant, huyo prosesa ndo roho ya kompyuta yake, maana kupanga kila fremu, yani kila picha moja, kabla kadi haijaichora ni kazi ya prosesa, na fremu zikiwa nyingi kazi hiyo inarudiwa mara nyingi. Ukipanda kwenda 1440p au 4K, yani picha zenye nukta nyingi zaidi, mzigo unahamia kwa kadi, na tofauti kati ya prosesa moja na nyingine inapungua, wakati mwingine haionekani kabisa.

Gemu nazo hazifanani. Za mpira kama EA FC hazisumbui sana prosesa. Cities: Skylines II, Football Manager, Microsoft Flight Simulator, Civilization, hizo zinapiga hesabu nyingi nyuma ya pazia na prosesa dhaifu utaiona palepale. GTA V nayo ukiingia kwenye seva yenye watu wengi inategemea prosesa kuliko kadi.

Alafu upande wa kazi nyingi. Hapa watu wengi wanachanganya prosesa na RAM. Kama shida yako ni brauza yenye tabo arobaini, WhatsApp ya kompyuta, Spotify na gemu kwa pamoja, hiyo ni shida ya RAM kwanza, GB 8 haitoshi tena, anza na GB 16 na kama unaweza weka 32. Prosesa yenye kori nyingi inahitajika pale ambapo kitu kingine kinafanya kazi nzito sawasawa na gemu: unarenda video, una mashine pepe mbili za masomo ya chuo, unakompaili programu kubwa uliyoandika, au unastrimu kwa kutumia prosesa yenyewe. Na hata kustrimu, kama kadi yako ni Nvidia ya kisasa ina sehemu yake maalumu inaitwa NVENC ambayo inabeba hiyo kazi ya kubana video, OBS, programu ya kustrimu, unaiwekea tu hilo chaguo na prosesa inapumua. Kwa hiyo mtu asikwambie lazima ununue kori 16 kwa sababu unataka kustrimu.

Na kitu kimoja niseme mapema kabla hujatumia pesa: prosesa haipunguzi ping, yani muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi. Ukicheza kutoka Uganda kwenye seva iliyoko Ulaya, umbali ni uleule hata uwe na prosesa ya bei gani, na hiyo kuganda kwa mtandao ni tofauti na kuganda kwa fremu.

Hatua ya 2: Pima kompyuta uliyonayo

Kama tayari una mashine na unataka kubadilisha prosesa tu, usibahatishe. Weka MSI Afterburner, ni ya bure, ifanye ionyeshe juu ya gemu matumizi ya kadi, matumizi ya prosesa kwa kila thredi (njia ya kazi ndani ya kori, mara nyingi kori moja ina mbili), na fremu kwa sekunde. Ingia kwenye gemu unayocheza kila siku, sehemu yenye vurugu, watu wengi na milipuko.

Kadi ikiwa inasoma asilimia 97 mpaka 99 muda wote, kadi ndo imefika mwisho, prosesa mpya haitakusaidia kitu. Kadi ikiwa inacheza kwenye 50 au 60 na fremu ni chache, prosesa ndo inaichelewesha (hakikisha tu hujawasha V-Sync, inayofunga fremu zilingane na hezi za skrini, wala kikomo cha fremu, maana hivyo pia vinaiacha kadi imelala). Ukitaka kuhakikisha zaidi, shusha grafiki na rezolushoni mpaka chini kabisa: fremu zikipanda sana kadi ilikuwa tatizo, zisipopanda ni prosesa.

Sasa mtego uko hapa, na nimeona mafundi wazuri wakiingia: wanaangalia namba moja tu ya prosesa, wanaona asilimia 20, wanasema "prosesa iko sawa, bado ina nafasi". Fungua Task Manager, nenda kwenye CPU, bonyeza kulia kwenye grafu na uibadilishe ionyeshe kila thredi peke yake. Unaweza kukuta vidirisha kumi na mbili, kumi vimelala na viwili vimegonga juu kabisa vimekaa hapo bila kushuka. Wastani unasema 20 lakini gemu inasubiri thredi moja ya hizo mbili. Gemu nyingi zina kazi kuu moja ambayo haigawanyiki, na kumwongezea mtu wa aina hiyo kori ni sawa na kuita bodaboda nne ili abiria mmoja afike haraka. Anachohitaji ni kori yenye kasi zaidi au kashe kubwa zaidi (kashe nitaieleza hatua ya 4).

Hatua ya 3: Jifunze kusoma jina

Chukua Core i5-12400F. Hiyo 12 mbele ni kizazi, cha 12, kilichotoka mwishoni mwa 2021. 400 ni daraja ndani ya kizazi. F maana yake haina grafiki za ndani, kwa hiyo bila kadi ya grafiki skrini itabaki nyeusi. K maana yake unaweza kuioverklok, yani kuipandisha kasi kupita ya kiwandani, na kawaida inakula umeme zaidi. Tangu 2024 Intel kwa kompyuta za mezani wamebadilisha wakaanza Core Ultra, mfano Core Ultra 5 245K, lakini herufi za mwisho zinasomeka vilevile.

AMD, wapinzani wa Intel: Ryzen 5 5600. Hiyo 5 ya kwanza ni daraja (3, 5, 7, 9), 5600 ni ya familia ya 5000. G maana yake ina grafiki za ndani zenye nguvu kidogo, X ni yenye kasi zaidi, na X3D ni yenye kashe ya ziada iliyobandikwa juu au chini ya kori, hizo ndo za gemu hasa.

Kwa AMD kuwa makini na namba zinazofanana. Ryzen 5 5500 na Ryzen 5 5600 zote ni kori 6 thredi 12, dukani zinakaa pamoja, lakini 5500 ina kashe ya L3 ya MB 16 wakati 5600 ina MB 32, na 5500 inaishia PCIe 3.0 (PCIe ni njia inayounganisha prosesa na kadi ya grafiki). Hiyo PCIe inauma ukiwa na kadi kama RX 6500 XT ambayo inatumia njia 4 tu, kwenye 3.0 inapoteza nguvu waziwazi. Vivyo hivyo Ryzen 7 5700 isiyo na X ina kashe nusu ya 5700X. Herufi moja hiyo.

Hatua ya 4: Kori ngapi, kashe kiasi gani

Kwa gemu za leo, kori 6 zenye thredi 12 ndo mahali pa kuanzia. Kori 4 thredi 8 kama i3-12100F bado inacheza vizuri kwenye bajeti ndogo, ila ukiweka vitu vingine nyuma utaanza kuona gemu inajikwaa, yani wastani wa fremu ni mzuri lakini kila baada ya muda kuna kigugumizi. Kori 8 thredi 16 ndo mahali pazuri kwa mtu wa gemu na kazi nyingi pamoja. Zaidi ya hapo unalipia kazi, sio gemu, na kama kazi hiyo huna usiilipie.

Intel kuanzia kizazi cha 12, kwenye prosesa zao nyingi, wanachanganya kori za aina mbili, kubwa za nguvu na ndogo za kubana matumizi. i5-14600K inaandikwa kori 14, lakini ni 6 kubwa na 8 ndogo. i5-13400F ni 6 kubwa na 4 ndogo. Gemu inakaa kwenye kubwa, ndogo zinabeba brauza na mambo ya nyuma, na kwa kazi nyingi mpango huo unasaidia kweli. Ila usilinganishe "kori 14" za Intel na "kori 8" za AMD kama vile zote ni sawa.

Kashe ndo kitu ambacho matangazo ya dukani hayakisemi na mi nakipenda sana. Ni kumbukumbu ndogo ndani ya prosesa yenyewe, na kila mara gemu ikikosa data humo inabidi iende mpaka kwenye RAM, ambako ni mbali. Ryzen 7 5800X3D iliyotoka Aprili 2022 ilikuwa na kori 8 zilezile za 5800X na kasi ya gigahazi ilikuwa chini kidogo, lakini ilikuwa na kashe ya L3 MB 96 badala ya 32, na kwenye gemu ikaipita ndugu yake vizuri sana. 7800X3D ya 2023 na 9800X3D ya 2024 zimefuata njia hiyohiyo. Kwa hiyo mtu akikuuzia prosesa kwa gigahazi peke yake, muulize kashe.

Kuna hizi Xeon nazo, prosesa za Intel za seva, watu wanaagiza na bodi zake za bei rahisi kutoka China, mfano E5-2680 v4 yenye kori 14 na thredi 28. Kwa kurenda na mashine pepe ni mzigo wa maana kwa pesa ndogo, sikatai. Kwa gemu sio, kori zake ni za 2016 na zinaishia gigahazi 3.3, utarudi palepale pa thredi mbili zilizogonga juu na zingine zimelala.

Hatua ya 5: Chagua soketi, hapa ndo pesa iko

Ningekuwa na uwezo wa kumlazimisha mtu asome hatua moja tu ingekuwa hii. Soketi ni lile tundu la madabodi ambamo prosesa inakaa, na ndo inaamua kesho yako itakuwaje.

AM4 ya AMD ilienea na Ryzen 2017, inatumia RAM ya DDR4, na imekaa miaka mingi mpaka bodi zake zimejaa kila mahali, mpya na mitumba. Haitapata prosesa za familia mpya tena, lakini ngazi yake ni ndefu: unaweza kuanza na 5500 au 5600, siku ukipata pesa ukapandisha 5700X au ukaiwinda 5800X3D au 5700X3D ya mtumba bila kugusa bodi wala RAM. Bodi za B450 zinahitaji BIOS (programu ya kuwashia iliyo ndani ya bodi) iapdetiwe kabla ya kupokea familia ya 5000, kwa hiyo muulize muuzaji aiwashe mbele yako na hiyo prosesa ikiwa juu.

LGA1700 ya Intel inabeba kizazi cha 12, 13 na 14, na uzuri wake ni kwamba kuna bodi za DDR4 na bodi za DDR5. Ubaya, soketi hiyo imefika mwisho, baada yake Intel wamehamia LGA1851. Bodi za H610 ni rahisi na zinafaa kwa i3-12100F au i5-12400F, ila usithubutu kumweka i7-14700K juu ya H610 ya bei ya chini, sehemu yake ya kugawa umeme haiwezi kuhimili na prosesa itajishusha kasi yenyewe, yani umelipia i7 unapata i5.

Kwa kizazi cha 13 na 14 kuna jambo la kujua ukinunua mtumba. Zile za juu zilipata tatizo la voltaji, zinachakaa polepole mpaka gemu zinaanza kujifunga zenyewe. Intel walikiri 2024, wakatoa marekebisho ya BIOS (0x129 mwezi wa 8 na 0x12B mwezi wa 9) na wakaongeza waranti ya zile zilizoguswa kwa miaka 2. Marekebisho yanazuia uharibifu, hayaponyi iliyoharibika tayari. Kwa hiyo i9-13900K au i9-14900K ya mtumba bei nzuri, iliyotumika mwaka mzima bila apdeti, mi siigusi. i5-12400F na wenzake wa kizazi cha 12 hawamo kwenye hilo tatizo.

AM5 ilianza mwezi wa 9 wa 2022, inakubali DDR5 tu, na AMD wameahidi kuendelea nayo mpaka 2027 na zaidi. Ryzen 5 7600 juu ya bodi ya B650 ni mwanzo mzuri, ina kori 6, ina kipozea ndani ya boksi, ina grafiki ndogo za ndani za kukusaidia kuwasha mashine hata kadi ikiharibika, na baadaye unachomoa unaweka X3D. Shida ni RAM. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepanda vibaya dunia nzima kwa sababu viwanda vinahudumia seva za akili mnemba, na hilo limebadilisha hesabu. Mtu mwenye vijiti vyake vya DDR4 leo ameshika mali, na kwa huyo AM4 au LGA1700 ya DDR4 inaleta maana kubwa kuliko ilivyokuwa miaka miwili nyuma.

Hesabu inavyofanywa ni hivi: andika bei ya prosesa, bodi, RAM na kipozea kwa pamoja, ndo ulinganishe seti na seti. Usilinganishe prosesa na prosesa. Utashangaa mara ngapi ile "rahisi" inaibuka ghali.

Na hizi kompyuta za ofisi zilizotumika, OptiPlex na EliteDesk zinazoletwa kutoka Ulaya? Kwa mwanafunzi ni mwanzo mzuri, nisiwadanganye. Ila nenda na mstari mmoja kichwani: kizazi cha 8 kwenda juu. Windows 10 iliacha kupewa apdeti za kawaida za usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel kizazi cha 8 au Ryzen 2000 na kuendelea. i5-8500 ina kori 6, i7-8700 ina kori 6 na thredi 12, hizo bado zinacheza. i7-2600 na i7-3770 hazina hata maagizo ya AVX2 ambayo gemu kadhaa mpya zinadai, gemu haifunguki kabisa. Alafu nyingi ya hizo mashine zina plagi za umeme za kwao wenyewe kwenye bodi, kwa hiyo pawa saplai ya kawaida haiingii bila adapta, na kesi ndogo haipokei kadi ndefu. Pima kwa rula kabla ya kulipa.

Hatua ya 6: Ningechagua nini

Huna kadi ya grafiki na hutapata karibuni: Ryzen 5 5600G, au kama bajeti inaruhusu Ryzen 5 8600G ya AM5 ambayo grafiki zake za ndani ni nzuri zaidi. Hapa RAM lazima iwe vijiti viwili, mfano 8 na 8, kamwe sio kijiti kimoja cha 16, maana hizo grafiki zinaishi kwa kasi ya RAM na kijiti kimoja kinazikata njia nusu.

Una kadi ya kati kama RX 6600 au RTX 3060 na unataka kucheza na kufanya mambo ya kawaida: Ryzen 5 5600 au i5-12400F, yoyote utakayoipata rahisi na bodi yake. Hazitofautiani kiasi cha kugombana.

Gemu na kazi nzito: Ryzen 7 5700X kwa AM4, Ryzen 7 7700 kwa AM5, au i5-14600K. Kwa wale wanaoediti video za harusi na matangazo kwa Premiere Pro, mi ningewapeleka kwa Intel isiyo na F, kwa sababu grafiki za ndani za Intel zina Quick Sync, sehemu maalumu ya kufungua na kubana video, na timelaini ya video za kamera na simu inakwenda laini. Ukinunua 14600KF kwa kubana pesa kidogo umeitupa hiyo faida, na nimeona mtu wa studio akilalamika kwa nini mashine yake mpya inakwamakwama wakati ya jirani yenye namba ileile haikwami.

Gemu za ushindani na skrini ya hezi 240: 7800X3D au 9800X3D. Ni ghali, zilitoka kwa dola 449 na 479 huko kwao kabla ya usafiri na faida ya muuzaji, kwa hiyo usizinunue kama kadi yako ni dhaifu.

Hatua ya 7: Stima, joto na vumbi

Hii sehemu miongozo ya watu wa nje haigusi. 5600 na 12400F ni za wati 65 kwenye karatasi, kwenye mzigo 5600 inafika kama 76 na 12400F inaweza kugusa 117. i9-14900K inaruhusiwa 253. Tofauti hiyo utaiona kwenye tokeni za Yaka, kwenye joto la chumba, na zaidi kwenye UPS, ile betri ya akiba. UPS ndogo ya VA 650 inatoa wati chini ya 400 hivi, sasa weka prosesa ya wati 253 na kadi ya 200 na monita, stima ikipotea UPS inapiga kelele na kuzima palepale. Prosesa ya wati 65 na kadi ya kiasi inakupa dakika za kusevu na kuzima kistaarabu.

Wanaotumia sola au inveta, ulizeni kama inatoa wimbi safi (pure sine wave). Pawa saplai nyingine nzuri za kisasa hazipatani na inveta za wimbi la kuigiza, mashine inazima au saplai inalia. Na umeme ukirudi baada ya kukatika huwa unakuja na kishindo, kwa hiyo kinga ya voltaji iwe pale kabla ya kompyuta, sio baadaye.

Joto: Kampala hali ya hewa inatusamehe, Arua, Gulu na Moroto hapana. Kipozea cha boksi kinatosha 5600 na 7600. Kwa 5700X, ambayo haiji na kipozea, nunua cha mnara chenye feni moja, na kwa 14600K au X3D kikubwa zaidi. Vumbi jekundu la murram likiingia kwenye mapezi ya kipozea prosesa inapanda nyuzi nyingi, kwa hiyo kesi yenye chujio mbele ni pesa nzuri.

Hatua ya 8: Dukani, kabla pesa haijatoka

Chukua prosesa mkononi, shika pembeni, usiguse chini. Soma maandishi juu ya bati. Jina lilingane na ulichoambiwa. Ukiona INTEL CONFIDENTIAL hiyo ni sampuli ya majaribio, sio ya kuuzwa, kasi yake inaweza kuwa tofauti na BIOS nyingine hazitaitambua.

AM4 pini ziko kwenye prosesa yenyewe, 1331. Igeuze, iweke usawa wa jicho uelekee mwanga, angalia mistari ya pini kutoka upande mmoja alafu mwingine: zikiwa nzima unaona barabara zilizonyooka kati yake, iliyopinda inaziba barabara na utaiona hapohapo. Kwa LGA1700 na AM5 pini ziko kwenye bodi, kwa hiyo toa kile kifuniko cha plastiki na ukague soketi vilevile.

Omba iwashwe. Fungua CPU-Z, programu ya kusoma prosesa, hakikisha jina, idadi ya kori na kashe. Pitisha Cinebench, jaribio la mzigo, dakika kumi huku HWiNFO ikionyesha joto. Muuzaji akikataa kukuwashia mtumba, mwambie asante na uende duka linalofuata, pale mjini maduka hayakosekani. Kama ni Ryzen PRO iliyotolewa kwenye mashine ya Lenovo, ijaribu juu ya bodi utakayoitumia wewe, maana baadhi zimefungwa kwa bodi za Lenovo na hazitawaka kwingine.

Ukimtuma mtu Nairobi, pale Luthuli Avenue, bei inaweza kuwa nzuri na chaguo ni kubwa, ila jua kwamba waranti inabaki kulekule, ikisumbua inabidi ivuke Busia au Malaba tena kurudi. Kwa prosesa mpya ya boksi hatari ni ndogo. Kwa bodi ni kubwa zaidi, mi bodi ningenunua karibu na nyumbani.

Hatua ya 9: Kufunga na kuwasha

Pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye kona ya prosesa ikutane na alama ya soketi. Inua kile chuma, iweke, idondoke yenyewe bila kusukumwa hata kidogo, alafu rudisha chuma. Kwenye Intel na AM5 chuma kitakuwa kigumu wakati wa kushuka, hiyo ni kawaida. Pesti ya kupozea kiasi cha punje ya njegere katikati, na utoe plastiki iliyo chini ya kipozea.

Siku utakayotoa kipozea cha AM4, usikivute moja kwa moja. Washa mashine kwanza ipate moto dakika chache ili pesti ilainike, zima, chomoa umeme, fungua skrubu, alafu kizungushe taratibu kushoto na kulia mpaka kiachie. Ukikivuta kikiwa baridi prosesa inachomoka nayo ikiwa imegandia chini yake, na pini zinapinda.

Ikishawaka, ingia BIOS, apdeti kama ipo mpya, washa XMP au EXPO, mipangilio inayoifanya RAM ikimbie kwa kasi iliyoandikwa juu yake. Bila hiyo RAM yako ya DDR5 ya 6000 inakimbia kwa kasi ya chini ya kawaida na prosesa inanyimwa chakula. Kebo ya monita ichomeke kwenye kadi ya grafiki, sio kwenye bodi, na ndani ya Windows uchague hezi za monita mwenyewe kwa sababu mara nyingi inabaki kwenye 60. Alafu rudia ile Cinebench ya dakika kumi: 5600 yenye kipozea chake kwenye nyuzi 70 na kitu hadi 80 iko salama, ikikimbilia 90 ndani ya sekunde chache zima ufungue, kipozea hakijakaa sawa. Andika namba hiyo ya siku ya kwanza mahali, ukipima tena baada ya miezi sita na kukuta imepanda nyuzi kumi utajua ni vumbi au pesti, na boksi na risiti viweke pamoja mpaka waranti iishe.